Malalamiko: faili la katalogi ya kanga lilivyovurugwa kabla ya pleti

Kitengo cha Usanifu na Picha,
Dar es Salaam.

Meneja wa Uzalishaji,
Kampuni ya Uchapaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KURASA ZA NDANI ZA KATALOGI YA KANGA (A4, KURASA 64)

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yenu ya majibu inataja sababu tatu za kurasa za ndani kutoka vibaya: kwamba skrini huonesha rangi kali kuliko karatasi, kwamba faili letu lilikosa fonti, na kwamba picha zilikuwa na giza tangu mwanzo. Hatukubaliani na hata moja. Tatizo ni moja na limetokea kwenye dawati lenu la maandalizi ya pleti, yale mabamba ya kuchapia, moja kwa kila wino. PDF tuliyowakabidhi, ikiwa imekamilika, ilifunguliwa ndani ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, kila ukurasa ukageuzwa picha na kuhifadhiwa upya. Hizo picha ndizo zilizopelekwa kwenye pleti. Ushahidi umo ndani ya mafaili ya kurasa mliyoturudishia ninyi wenyewe, na fundi wenu yeyote anaweza kuuhakiki bila kutusubiri.

Afungue ukurasa wowote kati ya hizo kwa Acrobat, programu ya PDF, kisha abonyeze Ctrl na D. Maelezo ya faili yanaitaja Photoshop kuwa ndiyo programu iliyolizalisha. Kwenye kichupo cha Fonts hakuna kitu. Ukurasa uliojaa maandishi hauwezi kuwa na orodha tupu ya fonti, isipokuwa kama maandishi hayo yameshakuwa pikseli, yaani vinukta vya picha. Halafu afungue PDF yetu ya awali kwa njia hiyohiyo: mbele ya kila fonti pameandikwa "Embedded Subset", maana yake herufi zote zilizotumika zimo ndani ya faili. Hoja ya fonti kukosekana haina msingi. Na hata kama fonti ingekosekana kweli, dawa yake ni kupiga simu na kuiomba.

Sasa maandishi yenyewe. Maelezo ya kila kanga yamepangwa kwa herufi za pointi 8, nyeusi tupu, kwa asilimia za wino nne: sayani 0, majenta 0, njano 0, nyeusi 100. Katika mafaili yenu, ukifungua "Output Preview", zana ya Acrobat inayoonesha kiasi cha kila wino, na kuweka kishale juu ya herufi, unasoma takriban 70, 67, 64 na 74 kwa mpangilio huohuo wa wino. Namba hizo zinaeleza safari nzima. Nyeusi 100 ikisomwa kwa mpangilio wa rangi wa Kimarekani ambao Photoshop huja nao, yaani SWOP v2, kisha ikageuzwa kuwa RGB, yaani rangi za skrini (nyekundu, kijani na samawati), hupata 35, 31, 32. Ukiirudisha CMYK, yaani wino nne za uchapaji, kwa mpangilio uleule, hairudi ilikotoka. Inarudi imegawanywa kwenye wino zote nne. Kama sisi ndio tungeandika maandishi kwa RGB tangu mwanzo, kosa la kawaida la wanaoanza kazi hii, weusi wa RGB 0, 0, 0 ungetoa 75, 68, 67 na 90. Hizo sizo namba zilizomo humo. Kwa hiyo msitafute kosa upande wetu.

Madhara yake kwenye karatasi ni matatu. Kwanza, herufi iliyopaswa kutoka kwenye pleti moja sasa inategemea pleti nne zigongane sawasawa. Shikeni kioo cha kukuzia mtazame ukurasa wa 9: pembeni ya herufi kuna kivuli chekundu upande mmoja na cha samawati upande wa pili. Mwendesha mashine hana lawama hapo, kwa kuwa mtetereko mdogo wa karatasi ambao usingeonekana kabisa kwenye picha huonekana mara moja kwenye herufi ya pointi 8. Pili, jumla ya wino imepanda kutoka asilimia 100 hadi 275 kila penye herufi, jambo linaloweza kuchelewesha wino kukauka, na maandishi yameacha alama kwenye ukurasa unaoyakabili. Tatu ni ukali wa kingo. Herufi zikibaki vekta, yaani maumbo ya mistari yasiyo na pikseli, hukatwa kwa uwezo wa mashine ya pleti, ambao kwa kawaida ni nukta 2,400 kwa inchi. Zikigeuzwa picha ya pikseli 300 kwa inchi, kila pikseli ina upana wa milimita 0.085, na mstari mwembamba wa herufi ndogo hauzidi sana kipimo hicho. Ukungu tunaoulalamikia unatoka hapo. Kuongeza wino mweusi kwenye mashine hakuwezi kuuondoa.

Majina ya kanga ndiyo yameumia zaidi. Chini ya kila picha tuliweka utepe mweusi, na jina la kanga likaachwa jeupe ndani yake. Utepe ule tuliufanya wa nyeusi 100 peke yake kwa makusudi. Wapo wanaopenda utepe wa wino nne kwa sababu weusi wake ni mzito zaidi, nasi huutumia penye eneo kubwa lisilo na maandishi, lakini herufi nyeupe nyembamba ikikatwa ndani ya wino nne huzibwa na ule wino uliosogea. Hicho ndicho kilichotokea. Kwenye kurasa kadhaa jina halisomeki. Mnunuzi wa kanga huanza na jina kabla hajauliza bei, kwa hiyo katalogi isiyosomeka majina haifai kupelekwa dukani.

Kuhusu vipimo, barua yenu inasema fundi alifungua faili "ili kuweka alama za kukatia na ziada ya pembeni", ile sehemu ya ukurasa inayopita mstari wa kukatia. Vyote viwili vilikuwapo tayari. PDF yetu ni ya kiwango cha PDF/X-4, kiwango cha PDF za uchapaji. Ndani yake limo fremu la kukatia la milimita 210 kwa 297, na fremu la ziada lenye milimita 3 kila upande. Programu ya kupanga kurasa kwenye karatasi kubwa husoma fremu hizo na kuweka alama yenyewe. Photoshop inapofungua PDF huuliza ukate kwa fremu gani, na inaonekana fundi alichagua fremu la kukatia, kwa hiyo ile ziada ya milimita 3 ikatupwa. Alipoona haipo, akauvuta ukurasa kutoka 210 kwa 297 hadi 216 kwa 303. Upana umeongezeka kwa asilimia 2.86 na urefu kwa asilimia 2.02. Chukueni rula mpime. Kwenye kurasa za vipimo tuliweka mistari ya milimita 150. Katika nakala zilizochapwa, mstari wa kulala una milimita 154.3 na wa kusimama una 153. Miraba ya pindo si miraba tena, na maandishi yaliyokuwa milimita 8 kutoka ukingoni yamesogea kuelekea kwenye kisu.

Picha nazo. Mnasema zilikuwa na giza. Prufu ya rangi, yaani sampuli ya kulinganishia, iliyotiwa saini na pande zote mbili ilitolewa kwenye faili letu la awali, na humo kila uzi wa kanga ya kisutu unaonekana. Kisutu tuliiweka kwenye prufu kwa sababu ina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hivyo mchafuko wowote wa rangi huonekana haraka. Picha zetu ziliandaliwa kwa wasifu wa rangi wa FOGRA39, unaohusu ofseti kwenye karatasi inayong'aa, kama mlivyotuagiza kwa maandishi. Nanyi mkazigeuza kwenda SWOP, wasifu uliotungwa kwa mashine za Marekani zinazochapa kwenye roli, wakati mashine yenu hula karatasi moja moja. Nyekundu tuliyoijenga kwa majenta na njano tupu sasa ina takriban sayani 5 na chembe ya nyeusi. Kwa namba ni kidogo, lakini kwa jicho ni tofauti ya nyekundu ya kisutu na nyekundu ya tofali.

Na jalada je? Jalada mmelichapa vizuri sana, na tunalisema hilo bila kinyongo. Picha ya kisutu iliyo jaladani ndiyo ileile ya ukurasa wa 12. Ziwekeni pamoja kwenye mwanga wa mchana. Faili la jalada halikufunguliwa na mtu. Orodha yake ya fonti iko kamili. Mashine ilikuwa hiyohiyo, wino uleule, na karatasi zote mbili zinang'aa. Kama kisa kingekuwa skrini yetu kung'aa kupita karatasi, jalada nalo lingefifia.

Mmependekeza kurekebisha mafaili mliyonayo: kupunguza wino tatu za rangi na kuongeza nyeusi kwa "Selective Color", kisha kuchapa upya kurasa zilizozidi ubaya. Hatukubali. Marekebisho hayo yanaweza kusafisha weusi kiasi, lakini hayarudishi kingo za herufi, hayanyooshi miraba, wala hayarudishi ile ziada ya pembeni iliyotupwa. Kubadilisha mpangilio wa rangi kwa Ctrl, Shift na K baada ya faili kugeuzwa nako hakusaidii. Kunabadilisha tu tafsiri ya namba ambazo zimeshaharibika.

Tunachodai ni hiki. Kurasa zote 64 za ndani zichapwe upya kwa gharama yenu, kutoka kwenye PDF/X-4 ya awali bila kupitia Photoshop, CorelDRAW wala Illustrator. Tunajua gharama yake: kwa makunjo (karatasi kubwa inayokunjwa) ya kurasa 16 ni makunjo manne, kila moja pleti nane, nne kila upande, jumla pleti 32, mbali na karatasi. Kama mmebakiwa na karatasi za jalada ambazo hazijakatwa, zitumieni. Hatuna haja ya jalada jipya.

Kabla ya pleti, fundi afanye ukaguzi wa dakika chache mbele ya mwakilishi wetu. Ndani ya "Output Preview" azime wino mweusi peke yake. Maandishi yote ya maelezo yanapaswa kutoweka, pamoja na utepe wa majina. Yakibaki hata kwa kivuli, asimame hapo. Kisha awashe kipimo cha jumla ya wino na kukiweka asilimia 300, aone sehemu zipi zinazidi. Kwenye picha za giza zikizidi kidogo tutazungumza, kwenye maandishi isionekane hata moja. Mwisho apime mstari wa milimita 150 kwa rula ya Acrobat. Kunjo la kwanza likitoka mashineni, litiwe saini na pande zote mbili baada ya kulinganishwa na prufu, ndipo mengine yaendelee.

Kukiwa na neno la kusahihisha, mtuandikie nasi tutatoa PDF mpya ya ukurasa huo siku hiyohiyo. Kama ni lazima fundi aguse faili, atumie zana zinazohariri PDF ikiwa bado PDF, kama Preflight ya Acrobat au PitStop, na atujulishe alichobadilisha.

Awamu ya mwisho ya malipo tumeizuia hadi kazi ikamilike, kwa mujibu wa mkataba. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likitaja tarehe ya kuanza kuchapa. Tusipolipata, tutapeleka shauri hili Tume ya Ushindani pamoja na mafaili yote mawili, prufu, na nakala za ukurasa wa 9 na wa 12.

Viambatisho: PDF ya awali na mafaili yenu kwenye diski moja, nakala mbili za katalogi, prufu yenye saini, picha za herufi zilizokuzwa.

Wako katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha Usanifu na Picha

Nakala: Idara ya Fedha, Mratibu wa Mauzo.