Mwanangu, lile swali lako la mpakani

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, nakiri. Nilitaka usome uhasibu au udaktari, kitu ambacho mtu akiniuliza namjibu kwa neno moja. Sasa hii "sera ya dawa za kulevya" unayotaka kusoma, majirani nitawaelezaje? Wataniuliza kama umeshaacha kuvuta.

Mara ya pili nikamkumbuka yule mama wa furushi. Ulikuwa na miaka tisa, tumepanga foleni kwenye kizuizi cha mpakani, tukitoka Kenya kurudi Tanzania. Mbwa hakubweka, alikaa tu mbele yake. Askari akafungua furushi: mirungi, majani mabichi, bado yana unyevu. Ukaropoka, watu wakageuka: "Baba, mbona kule wanayauza mezani?" Nikakubana mkono unyamaze. Mzigo haukuwa wa yule mama. Foleni nzima ilijua, na askari naye alijua. Papa hapangi foleni, wanaopanga ni dagaa.

Nilikunyamazisha kwa sababu sikuwa na jibu. Juzi nimekaa nikasoma. Kumbe mirungi yenyewe, kama jani, haimo kwenye mikataba ya Umoja wa Mataifa. Zilizomo, katika ule wa 1971, ni kathinoni na kathini, kemikali za ndani yake zinazomchangamsha mtafunaji. Jani kila nchi imejiamulia. Kenya ni zao la biashara. Tanzania ni dawa ya kulevya, na sheria ya 2015 inamfunga mtu. Uingereza ilikuwa ikishuka kwenye ndege mchana kweupe mpaka Juni 2014, ikapigwa marufuku. Jani ni lilelile. Tena kathinoni hupungua jani likinyauka, kwa hiyo mzigo lazima ukimbizwe. Ndiyo maana pikipiki za njia za panya huenda kasi hata pasipo na anayezifukuza.

Ila hapo kwenye barua ulipoisifu Ureno usinikimbize. Ni kweli, tangu 2001 anayekutwa na kiasi cha kutumia mwenyewe, kinachokadiriwa kuwa cha siku 10, hashtakiwi kwa jinai, anapelekwa mbele ya tume badala ya mahakama. Lakini muuzaji bado anafungwa, na hilo wanaoisifu Ureno hulisahau. Mimi nimewaona vijana wa hapa walivyoliwa na unga. Mmoja ulicheza naye mpira. Siku hizi akinisalimia anaangalia chini. Mirungi si heroini, mwanangu. Usije ukaniletea nadharia inayovipima vyote kwa kijiko kimoja.

Haya, kasome. Ila nitafutie jambo moja: ni wapi duniani hakimu, kabla ya kuuliza furushi lina kilo ngapi, anauliza kwanza ni la nani.

Nauli nimetuma jana. Ukija likizo vuka mchana, usiku ni malori matupu na foleni haisogei.

Baba yako