Kabla ya kupiga picha na hundi, mwiteni fundi wa karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme neno kuhusu picha ambazo gazeti lenu huzichapisha mara kwa mara: mkuu wa chuo upande huu, mfadhili upande ule, na katikati yao mfano wa hundi mkubwa kama mlango. Chini yake huandikwa kuwa chuo fulani cha jamii, yaani chuo kinachowafundisha watu wa eneo lake ufundi na stadi za kazi, kimepata ruzuku ya kuanzisha kozi au kununua vifaa. Mimi ni mratibu wa ruzuku katika chuo cha aina hiyo, mwaka wa 11 sasa, na nimewahi kusimama pembeni ya picha kama hizo. Furaha ya siku ile ni ya kweli, wala simlaumu mtu kwa kuifurahia. Ombi langu ni kwamba waandishi wenu, wakiwa pale pale na kalamu mkononi, waulize: nani ataanza kazi hii kesho asubuhi, na aliulizwa lini kama anaiweza?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe sikuuliza.

Miaka kadhaa iliyopita ulitoka mwito wa maandiko ya miradi kwa vyuo vinavyofundisha ufundi. Ulipotufikia zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilichukua andiko la zamani, nikabadilisha takwimu za wanafunzi, nikaingiza mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta, nikaahidi kuwa tungefundisha wanafunzi 60 ndani ya miezi 18. Hiyo 60 niliitoa wapi? Niligawanya gharama yote ya mradi kwa namba mbalimbali mpaka nikapata ile iliyofanya gharama ya mwanafunzi mmoja ionekane nafuu. Mkuu wa idara alisaini ukurasa wa mwisho akiwa amesimama mlangoni, anawahi kikao. Fundi sanifu wa karakana, ambaye mashine ingekuwa mikononi mwake tangu siku ya kwanza, hakuliona andiko lile hata jalada.

Tukashinda.

Mashine ilikuja ndani ya sanduku la mbao refu kuliko mtu mzima. Fundi alilizunguka taratibu, akachuchumaa kusoma kibao cha bati kilichogongomelewa ubavuni, kisha akainuka na kuniuliza kwa upole, bila hata chembe ya lawama: "Dada, hii itachomekwa wapi?" Mashine ilitaka umeme wa fezi tatu. Karakana yetu ilikuwa na fezi moja. Katika bajeti niliyoiandika mimi hapakuwa na kasma, yaani fungu la matumizi, ya kuvuta umeme, wala ya kumwaga zege la kubeba uzito ule.

Mtu asiyefanya kazi hii atasema: basi chukueni kidogo kwenye kasma nyingine mvute umeme. Fedha ya ruzuku haihamishwi hivyo. Kila kasma imeandikwa kwenye mkataba, na kwetu uhamisho wa kiasi kile ulihitaji kibali cha maandishi cha mfadhili. Nikaandika barua. Mfadhili akataka makisio ya fundi umeme. Makisio yakapatikana, kibali kikaja, ndipo tukaanza taratibu za zabuni. Sanduku likakaa miezi saba. Taarifa za robo mwaka hazikusubiri: kwenye kisanduku cha "idadi ya waliohitimu mafunzo" nilijaza sifuri mara mbili mfululizo, na mkono ulikuwa mzito. Wanafunzi wa kwanza, vijana waliojiandikisha kwa sababu ya tangazo tulilobandika getini, walijifunza ile mashine kwa michoro ubaoni, na yenyewe imelala hatua 20 kutoka walipoketi. Mmoja aliniuliza kama anaweza angalau kuona rangi yake. Tulibandua ubao mmoja wa sanduku, akachungulia.

Mwishowe tuliomba kuongezewa muda bila nyongeza ya fedha, tukapewa miezi sita. Waliohitimu walikuwa 41. Wanafanya kazi nzuri huko waliko na ninajivunia kila mmoja wao, lakini 19 niliowaahidi kwenye karatasi hawakupata nafasi kwa kosa ambalo swali moja la dakika mbili lingelizuia.

Nimeieleza habari hii kwa urefu, Mhariri, kwa sababu watu wengi hudhani kinachoharibu miradi ya vyuo vyetu ni wizi. Wizi upo mahali pengine na uanikwe bila huruma. Ila katika miaka yangu ya kukaa na majalada haya, fedha nyingi nilizoona zikirudi kwa mfadhili au zikikataliwa na wakaguzi hazikuibwa na mtu. Zilikosa mlezi.

Chukua mishahara. Andiko linasema mkufunzi fulani atatoa asilimia 20 ya muda wake kwa mradi, na mradi utalipa sehemu hiyo ya mshahara wake. Vizuri. Ila ratiba ya vipindi vyake inabaki vilevile. Hakuna aliyempunguzia hata kipindi kimoja. Anaendelea kufundisha mzigo wake wote, mradi anaufanya usiku au haufanyi, na kila mwezi mhasibu anachaji ile asilimia 20 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye bajeti. Mkaguzi akija anataka kuona saa zilizofanyiwa kazi. Hazipo. Nchini Marekani, ambako vyuo vya jamii vilianzia (cha Joliet kule Illinois, kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya umma, kilifunguliwa mwaka 1901), kanuni za ruzuku za serikali kuu zinatamka wazi kuwa makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi wa mshahara uliochajiwa. Sharti ziwepo kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli. Wafadhili wengi kwingineko wanataka jambo hilohilo kwa maneno yao. Chuo chetu kiliwahi kurudisha mishahara ya mwaka mzima kutoka mfuko wake chenyewe. Mkufunzi mwenyewe alikuwa amefanya kazi kwa bidii sana. Hakuna aliyempa jedwali la saa, wala kumweleza kwa nini anapaswa kulijaza.

Au mratibu anaondoka. Kwenye miradi hii watu huhama, mkataba wa mwaka mmoja haumshikilii mtu. Anaondoka na neno la siri la mfumo wa mfadhili, na ukumbusho wa taarifa ya mwisho unaendelea kutumwa kwenye barua pepe yake ambayo hakuna anayeifungua. Dawa yake ni ndogo hata naona aibu kuiandika gazetini: anwani moja ya barua pepe ya kitengo, inayosomwa na watu wawili, na kalenda ya tarehe zote za taarifa ukutani kwa mhasibu. Sisi tuliipata dawa hiyo baada ya kuchelewesha taarifa mbili.

Kuna na hili la gharama za uendeshaji, ambalo wakuu wa vyuo wananikatalia kila mara. Wanaona chuo kikiomba fungu la umeme, uhasibu, usafi na ulinzi kitaonekana chenye tamaa, kwa hiyo wanaandika sifuri ili kumpendeza mfadhili. Mimi nasema waombe kinachoruhusiwa. Kanuni zilezile za Marekani, tangu Oktoba 2024, zinairuhusu taasisi isiyo na kiwango cha gharama hizo ilichokubaliana na serikali kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazoingia kwenye hesabu hiyo. Zamani ilikuwa asilimia 10. Umoja wa Ulaya kwenye ruzuku zake za misaada ya nje una ukomo wa asilimia 7. Viwango vinatofautiana, lakini wafadhili hao wakubwa wenyewe wanakubali kwamba mradi unakula umeme na unahitaji mtu wa kuandika hati za malipo. Chuo kinachoandika sifuri kinamtwisha mhasibu mmoja mikataba mitano, kila mmoja na fomu zake, mwaka wake wa fedha na tarehe zake, halafu kinamshangaa anapokosea. Mhasibu wetu aliwahi kuniambia anaota namba za kasma. Hakuwa anatania.

Sasa niseme kuhusu waandishi wa kukodi, maana jambo hili linanikera. Wapo wataalamu waaminifu wanaolipwa kwa siku zao za kazi, na nimejifunza mengi kwao. Wapo pia wanaopita vyuoni wakisema: mimi sitaki malipo sasa, mkishinda nipeni asilimia fulani ya ruzuku. Kwa chuo kisicho na fedha maneno hayo ni matamu. Lakini mtu anayelipwa kwa ukubwa wa ruzuku ataomba mashine kubwa, ataahidi wanafunzi wengi, na siku sanduku linafika yeye yuko chuo kingine. Chama cha kitaaluma cha watu wa kazi hii kule Marekani, Grant Professionals Association, kimekataza malipo ya asilimia katika maadili yake. Ningependa wakuu wa vyuo wanaosoma barua hii wakatae pia. Isitoshe, ni mara chache mfadhili atakubali malipo hayo yatoke kwenye fedha yake, kwa hiyo chuo kitakuwa kimeahidi pesa ambayo hakina.

Hapo ndipo ninaporudi kwa fundi wa karakana. Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani, NSF, lina mpango wa kuandaa mafundi wa teknolojia za kisasa uliotokana na sheria ya mwaka 1992, na moja ya matakwa yake ni kwamba wakufunzi wa vyuo vya jamii wenyewe wawe na nafasi ya uongozi katika miradi hiyo. Niliposoma sharti hilo mara ya kwanza nililiona kama urasimu. Leo naliona kuwa ni kauli ya watu waliowahi kuona masanduku ya mbao. Mkufunzi anajua darasa lina viti vingapi. Fundi anajua waya umechoka wapi. Msajili anajua ni wanafunzi wangapi huacha masomo kabla ya mtihani, na huyo ndiye angeniambia kuwa 60 haiwezekani.

Chuoni kwetu sasa tuna ukurasa mmoja tunaouita karatasi ya kukubali. Hauendi kwa mfadhili. Unajazwa kabla andiko halijatumwa, na una sahihi tatu: ya mtu atakayeifanya kazi, ya mhasibu atakayelea fedha, na ya mkuu wa chuo anayekiri kwamba vipindi vya huyo wa kwanza vitapunguzwa kwa saa zilizotajwa. Kila mmoja anaandika kwa mkono wake sentensi moja ya kitu anachohofia. Sentensi hizo ndizo ninazozisoma kwanza. Mhasibu aliwahi kuandika: "Mfadhili huyu analipa baada ya sisi kutumia, na mfuko wetu hauwezi kungoja miezi minne." Hatukuwa tumefikiria hilo hata kidogo. Tuliandika upya ratiba ya ununuzi, vifaa vikaja kwa awamu tatu badala ya mara moja.

Mwaka jana ulitoka mwito uliotufaa kabisa, wa mafunzo ya majokofu na viyoyozi. Nilikuwa na andiko zuri, na nalisema hilo kwa kuwa nililifanyia kazi wiki tano. Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho nilimpelekea fundi karatasi ya kukubali. Aliisoma yote, akaniomba radhi, akasema hawezi kusaini: chumba tulichokitaja kina dirisha moja dogo, hewa haipiti, na gesi ya majokofu si kitu cha kufundishia mahali kama pale. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama kuna chumba kingine. Hakikuwepo. Tukaacha tarehe ya mwisho ipite.

Haikuwa rahisi. Wenzetu wa vyuo vingine walituma, na picha zao za hundi nilizisoma humu humu gazetini. Nilizikata nikaziweka kwenye jalada, kwa sababu nawatakia heri na nataka nijue wamefikia wapi.

Mwezi uliopita mwito huohuo umetangazwa tena. Asubuhi iliyofuata nilimkuta fundi mlangoni kwa ofisi yangu kabla sijaingia, ana futi ya kupimia shingoni na karatasi ya mirabamraba mkononi. Alikuwa amechora banda la nyuma, lile tunalowekea viti vibovu, akaonyesha madirisha manne, mahali pa feni ya kutolea hewa, na njia ya waya kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme, mita kwa mita. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika idadi ya wanafunzi: 24. Hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye andiko.

Wako katika kazi,

Mratibu wa ruzuku, chuo cha jamii