Barua kwa shoga yangu: mtoto aliyemchuria bibi yake

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa aibu. Barua yako, kwamba mwanao hujifanya mgonjwa asiende shule na sasa amewaambia walimu bibi yake amefariki, nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka: walimu wamefika mlangoni na bahasha ya rambirambi, na aliyetoka kuwakaribisha ni marehemu mwenyewe, na ungo wa mchele mkononi! Mara ya pili nilipofika pale kwenye dawa, kicheko kikaisha.

Kwa hiyo naanza na dawa. Umempa dawa mseto ya malaria (ALu) mara mbili ndani ya mwezi mmoja kwa kumgusa paji la uso tu. Usirudie. Kipimo cha haraka cha malaria kinataka tone la damu ya kidoleni na dakika 15 hadi 20 za kusubiri. Mtoto anayejifanya mgonjwa mara nyingi hupona akiiona ile sindano. Kikionyesha malaria kweli, mtoto wa kilo 28 kama wako anameza vidonge vitatu kwa mkupuo, mikupuo sita, jumla 18: wa kwanza palepale, wa pili baada ya saa 8, kisha kila baada ya saa 12 mpaka siku tatu ziishe. Ameze na chakula chenye mafuta kiasi, hata uji wa maziwa, maana tumbo likiwa tupu dawa hainyonywi vizuri. Unasema alipona baada ya mkupuo wa pili mkaacha. Shoga, alipona kwa sababu kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Na siku homa ikija kweli, labda ya kifua au ya njia ya mkojo, utaikimbilia dawa ileile huku ugonjwa wenyewe unaendelea.

Nunua kipimajoto cha kidijitali. Mfute kwapa likauke kwanza, maana watoto wana mbinu ya kubana kitunguu kwapani usiku kucha. Kinachobaki ni harufu na ngozi kuwasha, joto la mwili halipandi. Kama ametoka jikoni au alijifunika blanketi gubigubi, akae nje kivulini dakika 20 ndipo umpime. Nyuzi 37.5 kwapani na kuendelea, hiyo ni homa. Lakini usimhukumu kwa kipimo kimoja. Homa ya malaria huja na kuondoka. Asubuhi anaweza kuwa poa na jioni anatetemeka, basi mpime tena jioni. Akitapika kila anachokunywa, akilegea na kusinzia ovyo, shingo ikikakamaa au akipata degedege, hapo hakuna cha uongo wala ukweli, ni kituo cha afya mara moja.

Tumbo nalo lina yake. Maumivu yanayoanzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, akiruka kidogo anajikunja, yanaweza kuwa kidole tumbo, msisubiri. Maumivu yanayokuja saa kumi na mbili asubuhi, yakaisha saa nne, Jumamosi hayapo na usiku hayamwamshi, hayo mara nyingi ni ya woga. Na hapa wazazi wengi hukosea: tumbo la woga linauma kweli. Anachokudanganya ni sababu yake.

Sababu utaipata kwenye daftari la mahudhurio. Mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe miezi miwili ya nyuma, uandike kila tarehe aliyokosa na siku yake, kisha uziweke kando ya ratiba ya vipindi na ya zamu. Siku zikitawanyika ovyo, mwangalie njiani na marafiki. Zikiangukia zamu ya mwalimu mmoja au kiranja fulani, kuna anayemwonea au kumtisha. Wewe umeniandikia kwamba karibu zote ni Alhamisi, na Alhamisi darasa la tano wana jaribio la Hisabati na alama husomwa mbele ya wenzake. Mimi ningeanzia hapo.

Mpe swali moja tu: theluthi moja jumlisha robo moja. Akiandika 2/7, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, maana yake siku ya KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) hakuwepo. Mrudishe nyuma: KDS ya 3 na 4 ni 12, theluthi inakuwa 4/12, robo inakuwa 3/12, jibu 7/12. Kata chungwa kama halimwingii. Utoro wa Hisabati una ubaya wake. Anayekosa sehemu leo hataelewa asilimia kesho, na asipoelewa atatafuta ugonjwa mwingine. Dakika 20 kila jioni kwa wiki tatu, na umwombe mwalimu asimsomee alama hadharani kipindi hicho.

Sasa rambirambi. Bahasha irudi kamili, shilingi ileile iliyoingia, kwa mwalimu mkuu na si kwa mkono wa mtoto peke yake. Omba orodha ya waliochanga ili kila mmoja arudishiwe chake. Kuna watoto walitoa hela ya andazi. Mwanao awepo, aseme mwenyewe kwa sentensi mbili kwamba bibi yuko hai na kwamba alidanganya. Iwe ofisini au darasani kwake. Mstarini mbele ya shule nzima, kataa kwa heshima, maana ataitwa "marehemu" mpaka amalize shule ya msingi na utoro utaanza upya.

Wakitaka kumchapa, ujue kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na adhabu inaandikwa kitabuni. Unaweza kuomba adhabu nyingine, na ningeomba.

Bibi ndiye mwenye kidonda kikubwa. Kumchuria mtu mzima si jambo la kufutwa kwa "shikamoo". Mtoto aende mwenyewe, akae chini, aombe radhi, na usimjibie bibi akitaka kufoka.

Kuanzia Jumatatu, wewe na mwalimu wa darasa mpeane namba za simu. Mtoto akibaki nyumbani unatuma ujumbe kabla ya saa mbili. Asipoonekana darasani, yeye anakuuliza. Na siku ya kuumwa iwe ya kuumwa: kitandani, uji, hakuna televisheni wala simu, na jioni anakili kazi ya siku kutoka kwa mwenzake.

Nipigie picha ukurasa wa mwisho wa daftari lake la Hisabati unitumie, nione amekwama wapi hasa. Na bibi msalimie sana, mwambie tumefurahi kumsikia mzima.

Ni mimi shoga yako,
Mwalimu