Hizo nguo usiziingize ndani

Neema mwanangu,

Habari ya kupewa kazi ya madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa huko Mpwapwa mama yako ameshaitangaza Chang'ombe nzima. Hatujambo, ila upepo umetuzidi. Unafagia alfajiri, saa nne ni kama hujafagia.

Upepo huo ndio ulionishikisha kalamu. Ulisema mnafanyia kazi nje, chini ya mwarobaini, kwa sababu tapentaini inawapa kichwa. Sawa, lakini simenti ya kuzibia vioo ni chaki, mafuta ya kitani, tapentaini na masizi kidogo tu. Cha kuogopa ni risasi, ile metali laini ya kijivu inayoshika vipande vya vioo. Ule unga wa kijivu unaobaki kwenye vinyweleo vya mkono ukishapiga brashi ndio huo, na upepo unaupeleka mpaka wanakocheza watoto. Madirisha ya zamani ni mabaya zaidi, maana risasi ikichakaa huota unga mweupe. Ufute kwanza kwa kitambaa kibichi. Barakoa iwe ya kichujio cha P3, kile cha kuzuia vumbi laini kabisa, inayobana uso, siyo zile za kitambaa za wakati wa korona.

Kunawa kwa sabuni kabla ya kula unakujua, hata kama ni karanga moja.

Nguo ndizo zinazoninyima usingizi. Mimi nilikuwa narudi na ovaroli ileile, unanirukia mlangoni, nakubeba. Sikuwa najua. Mwili wa mtoto hunyonya risasi kuliko wetu, na huyo mjukuu wangu anatambaa, kila kitu mdomoni. Vua nguo na viatu hukohuko kazini, uzifue peke yake. Mama mkwe akicheka, acha acheke.

Halafu kuna jambo sijawahi kukwambia. Kile kibanda changu kilichoungua, watu walisema ni sigara ya mlinzi. Haikuwa sigara. Jioni ile niliviringa matambara yenye mafuta ya kitani nikayasukumia nyuma ya pipa. Mafuta yale yakikauka hutoa joto, na matambara yakirundikana joto halina pa kutokea, yanawaka yenyewe. Mlinzi alifukuzwa nami nikanyamaza. Yako yatandaze nje mojamoja, au yazamishe kwenye debe la maji lenye mfuniko.

Kondakta wa basi la saa sita ana mzigo wako: barakoa mbili, brashi yangu, na beseni jekundu. Beseni ni la nguo hizo tu, usimwogeshee mtoto.

Baba yako