Kwa Mama Salim, kuhusu shule ya mtoto

Kileleshwa, Nairobi

Mpendwa Mama Salim,

Salamu nyingi, na pokea za wanangu pia. Nimefurahi mno kusikia uhamisho wa shemeji umekubaliwa na kwamba Agosti mtakuwa huku. Nyumba tutaipata, hilo lisikunyime usingizi. Lakini ulivyoniandikia kuhusu yule mwalimu wa masomo ya ziada unayetaka kumlipa amnoe Salim kwa mahojiano ya shule ya kimataifa, nimeona nisingoje hadi tuonane. Tafadhali dada, usimlipe.

Mimi nafundisha chekechea, na watoto wanapokuja kutazamwa huwa nipo chumbani. Acha nikueleze kinachofanyika. Mtoto huingia kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, pengine na wenzake watatu wanne. Mwalimu mmoja anacheza nao, mwingine yuko pembeni anaandika. Tunatazama anavyotulia baada ya mamake kutoka. Akiambiwa alete kile kitabu chekundu kisha akae mkekani, je, anashika yote mawili? Akitaka gari alilo nalo mwenzake, anaomba au anapokonya? Akibanwa na mkojo anaweza kusema? Basi. Hakuna anayetafuta mtoto wa miaka mitatu anayesoma gazeti.

Kuna mvulana mmoja simsahau. Alisimama wima akatukaririria herufi kutoka A hadi Z, akaunganisha na namba hadi hamsini, mfululizo. Mwalimu mwenzangu akampongeza, kisha akamuuliza asubuhi amekula nini. Mtoto akageuka kuutazama mlango ambao mamake alitokea. Midomo ilikuwa inatetemeka. Nilimwonea huruma mno, maana alikuja akijua kuna majibu sahihi na hili hakufundishwa. Siku iyo hiyo binti mmoja alikaa chini akahangaika na ukanda wa kiatu chake, akavuta, ukakataa, akavuta tena. Mwisho akamwendea mwalimu, akainua mguu, akasema kwa Kiswahili, "Nisaidie hapa, imekwama." Kuhesabu alifika tano. Huyo tulimpokea bila mjadala.

Kwa hiyo maandalizi ya Salim yako hapo hapo nyumbani kwenu Kisauni. Avae viatu mwenyewe hata kama mnachelewa. Afungue kasha lake la chakula, anawe mikono, ajifute chooni. Mwache kwa shangazi yake asubuhi nzima bila wewe, akuzoee ukiondoka na ukirudi. Mpe udongo afinyange, mpe karoti na kisu butu akusaidie jikoni. Vidole vikikomaa, kalamu itakuja yenyewe. Na umsomee kila usiku, kisha umuulize kwa nini Sungura alifanya vile, umwache ajibu hata akikosea.

Hapo nakuja kwenye jambo linaloniuma. Umesema mmeanza kuongea naye Kiingereza tu ili asije akaaibika. Msiendelee. Salim ana Kiswahili cha kusimulia, cha kubishana, cha kutania; hiyo ni akili yake inavyotembea, na mtoto mwenye lugha moja iliyokomaa huipata ya pili upesi akiisikia shuleni kutwa. Hata Tume ya Gachathi, ile ya serikali kuhusu elimu, mwaka 1976, ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao. Nyinyi mkimzuia kuzungumza Kiswahili, atafika huku na maneno machache ya Kiingereza na hamu ndogo ya kuzungumza. Mfundishe ya kumsaidia siku ya kwanza, ya kuomba maji, choo na msaada, yatosha. Shule nyingi za kimataifa hapa hufundisha Kiswahili vipindi vichache tu kwa wiki, kwa hiyo kazi ya kukilinda ni yenu. Mkija siku moja kumrudisha kwenye mtaala wa Kenya, atakikuta ni somo la lazima.

Kuhusu mitaala, usijichoshe na sifa za kila mmoja. Jambo la kufikiria ni umri. Salim anatimiza minne Julai. Kwa utaratibu wa Uingereza, aliyefikisha minne kabla ya Septemba huingia Reception, darasa la kwanza kabisa la shule ya msingi kwao, na mwaka unaofuata akiwa na mitano anaanza Mwaka wa Kwanza. Maana yake atakuwa miongoni mwa wadogo kabisa darasani. Kwa mtaala wetu wa umilisi hapa Kenya angeingia PP1 Januari, kisha PP2, yaani miaka miwili ya chekechea, na Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtoto wa Julai. Mkichagua ya Uingereza, waulize kama wanaweza kumweka darasa lililo chini ya Reception, na wanafanyaje na walio wadogo. Programu ya shule ya msingi ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) inachukua watoto wa miaka 3 hadi 12 na masomo yao yamepangwa kwa mada. Aga Khan Academy pale Parklands wanaifuata. Wamarekani wana International School of Kenya, iliyoanza 1976, upande wa Kitisuru. Wafaransa wana lisee, yaani shule yao, Kilimani. Shule za mtaala wa Kiingereza ziko tele, Braeburn ya Gitanga Road ni mojawapo. Ukiona shule mpya imejiita ya kimataifa, omba kuona usajili wa Wizara ya Elimu na idhini ya mwenye mtaala. IB na Cambridge, wanaosimamia mitihani ya mtaala wa Kiingereza, wote wanaorodhesha shule zao kwenye tovuti, utahakiki ukiwa umekaa.

Sasa barabara. Umesema mnapendelea Syokimau kwa sababu ya kodi, na unaitazama shule ya Karen. Mama Salim, ukiwa Mombasa huwezi kuijua Mombasa Road asubuhi. Expressway, ile barabara ya juu, tangu ifunguliwe 2022, imewafaa wanaoelekea Westlands wakilipia, lakini Karen ni kupitia barabara ya Southern Bypass, na basi la shule halikuchukui peke yako, linazunguka kuokota wengine. Nina watoto wanaoingia darasani saa mbili kasoro wakiwa wameamka saa kumi na moja alfajiri. Saa nne wamelala juu ya meza. Wazazi wao wanatuuliza kwa nini hawashiki masomo. Kwa umri huu ningechagua shule ya kawaida iliyo dakika kumi na tano kutoka nyumbani kuliko yenye bwawa la kuogelea na farasi kule mbali. Chagueni shule kwanza, nyumba ifuate.

Karo mtaona wenyewe, ila msiangalie ya muhula peke yake. Kuna ada ya maombi, ya kutathmini mtoto, ya kujiunga, amana, basi, chakula, sare. Shule nyingine hutoza kwa dola, na shilingi ikiteleza mzigo ni wenu. Mwambie shemeji apige hesabu hadi Salim afike sekondari, na mdogo wake akiwemo.

Usije siku ya maonyesho, siku hiyo kila shule inang'aa. Omba kuja katikati ya wiki, saa ya watoto kula. Sikiliza walimu wanavyomsemesha mtoto aliyemwaga maji. Tazama kama mwalimu anachuchumaa kuongea naye au anamwita kwa sauti kutoka mwisho wa chumba. Uliza walimu wa chekechea wamekaa miaka mingapi. Wanaobadilika kila muhula, ujue kuna jambo. Uliza pia nani anamshusha mtoto kwenye basi.

Cheti cha kuzaliwa kama bado, kiombe sasa kupitia eCitizen, na kadi ya chanjo uiweke kwenye begi lako la mkono, isije kwenye lori pamoja na vyombo. Nafasi huanza kujaa mapema, kwa hiyo njooni likizo ya Aprili na mbakie siku mbili tatu baada ya shule kufunguliwa. Nitaomba ruhusa ya siku moja twende wote, na Salim tumwache na wanangu, ndiyo itakuwa zoezi lake la kwanza. Niandikie tarehe ya treni nije kuwapokea Syokimau.

Nisalimie mama na shemeji.

Wako akupendaye,
Mama Neema