Musituite wakati karatasi imeisha kuandikwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Ile habari yenu juu ya mazungumzo ya amani ya huku kwetu mashariki ya Kongo nimeisoma mara mbili, mwanzo mpaka mwisho, nikitafuta neno moja tu, wanawake, nikalikuta kule chini kabisa pamoja na vijana na walemavu na waliokimbia makwao, wote wamefungwa fungu moja kama lengalenga za sokoni, eti "watahusishwa". Watahusishwa lini, na nani, kwenye kitu gani, hakuna. Ndo maana nimeshika simu niandike, munisamehe kama itakuwa ndefu juu moyo umejaa.

Mimi nauzaka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, mwaka wa kumi na saba sasa. Tena ndo mimi nashika kitabu cha avec yetu. Kwa wasioijua, avec ni kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, tuko wamama 24, kila Jumamosi tunakutana kwa parseli ya mmoja wetu na tunaweka sanduku la chuma katikati ya mkeka. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wamama watatu tofauti, na yule analaza sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Tulipoanza tulichagua makusudi kabisa makabila matatu, ufunguo mmoja kwa mama Mshi, mmoja kwa mama Mtembo, mmoja kwa mama wa Kinyarwanda mwenye alishuka kutoka milima ya Kalehe. Watu wa avenyu walitucheka, wakasema hamtafika Noeli.

Sasa kuna Jumamosi moja habari zilifika asubuhi kwamba kule juu wamechomeana nyumba, na kati ya zile nyumba kuna ya kaka yake huyu mama Mtembo, na waliochoma wanasemekana ni upande wa yule mama mwingine. Mimi nilijua leo hakuna atakayekuja. Walikuja wote. Tulikaa kimya karibu nusu saa, hakuna aliyesalimia mwenzake vizuri, hata watoto waliona wakaenda kuchezea mbali. Halafu mama Mtembo akafungua pindo la kikwembe chake, akatoa ufunguo, akafungua kufuli lake bila kusema neno, akarudi kukaa. Yule mwingine mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka ufunguo ulianguka kwa mkeka mara mbili, ni mama Mtembo mwenyewe aliuokota akampa. Mkopo wa kwanza siku hiyo ulienda kwa familia ya kaka yake aliyechomewa, tena bila faida juu, na wa kwanza kuinua mkono kukubali alikuwa yule mama wa milimani. Hakuna mkutano ulioitwa, hakuna bango, hakuna mtu alipiga picha. Na tangu mwanzo wa 2025, vile waasi wa M23 waliingia Goma na kisha huku kwetu mwezi wa pili na mabenki yakafungwa, sanduku hilo ndo benki yetu, si watu wa avenyu tena wanaocheka, wanaleta pesa zao tuwawekee.

Ninawaeleza haya juu kuna siku niliitwa na mimi kwenye mkutano wa amani. Sitataja shirika wala grupema, ni kusema vile vijiji vya chifu mmoja, siandiki kushitaki mtu. Ilikuwa kule kwa upande wa mama yangu mzazi, jamaa mbili zilikuwa zimepigana kwa ajili ya mashamba, basi walinipigia usiku wa kuamkia siku yenyewe, kesho saa mbili uwe hapa, wewe ni mwakilishi wa wanawake. Nilipofika nikakuta karatasi imekwisha kupigwa mashine, kwa Kifaransa, vipengele nane, imelazwa mezani na kalamu juu yake. Wanaume mbele kwenye viti vya plastiki, sisi kwenye benchi ya nyuma karibu na mlango, na nusu ya wamama walioandikwa kwenye orodha ya mahuzurio walikuwa nje wanapika mchele na nyama ya huo huo mkutano, nimeyaona majina yao kwenye ile orodha kwa macho yangu, wamesaini kama washiriki na hawakusikia hata kipengele kimoja.

Mama mmoja mzee akainua mkono. Akasema wanangu, hayo ya mipaka ya mashamba ni mazuri, lakini vita vyetu haviko hapo tena, viko kwenye barieri, kile kizuizi cha njia ya soko, vijana wanatoza kila mama mwenye kitunga mgongoni, na msichana asiye na pesa wanajua wanachomfanya, na njia ya kwenda chemchemi ni hiyo hiyo. Akasema na mambo ya wajane, mimi watoto wa shemeji yangu wamenitoa kwenye shamba la marehemu, sasa munaposema waliokimbia warudi kwenye mashamba yao, mimi nitarudi wapi? Wakamshukuru. Wakasema hayo ni mambo ya maendeleo, yatakuja baadaye, leo tuko kwa amani. Wakatia sahihi, tukaimba, soda zikagawiwa.

Haikufika miezi minne. Ni pale pale kwenye barieri, msichana mwenye mzigo wa mihogo alipigwa, kaka zake wakashuka na mapanga, na kuanzia hapo kila mtu alirudi kutafuta bunduki yake alipoificha. Watu wa shirika wakasema hizi jamaa ni ngumu, hazina nia ya amani. Yule mama mzee aliwaambia mahali na sababu na hata aina ya watu, mbele ya wote, na hakuna aliyeshika kalamu!

Mimi nauliza wanaotayarisha hayo mazungumzo makubwa, munafikiri sisi tunataka kiti kwa heshima tu? Mama wa kijijini ndo anapita kwenye hizo barieri kila siku ya soko, anajua ngapi zimeongezeka na nani amebadilishwa na pesa zinapelekwa kwa nani jioni. Ndo anajua mtoto wa nani ametoka porini usiku kuomba chakula, na huyo mtoto ametoka akiwa amechoka au anakuja kuchunguza. Mumeona hizi programu za kusalimisha silaha, tangu ile ya kwanza, wanaomba orodha kwa komanda, komanda anaandika wanaume wake na bunduki zao, basi. Wasichana waliotekwa, waliobeba risasi na kupika na kufanywa wake wa watu kwa nguvu, wengi waliachwa nje sababu hawakuwa na bunduki ya kurudisha. Wakarudi kimya kimya na watoto mgongoni, na hao watoto wanaitwa majina mabaya mpaka shuleni. Kama ungemwuliza mama yeyote kijijini angekutajia wote kwa majina.

Na musiseme ni jambo geni, sisi Wakongomani tunalo mfano wetu. Kule Sun City, Afrika ya Kusini, mazungumzo yetu yalifunguliwa Februari 2002, na kabla ya hapo wanawake wa upande wa serikali, wa upande wa waasi na wa sosiete sivile walikutana kwanza Nairobi, wakapatana wao kwa wao nini watasema. Walikuwa kama 40 hivi kati ya wajumbe zaidi ya 300, wachache sana, lakini mambo yalipokwama walishikana mikono wakaziba milango ya ukumbi, wakawaambia wanaume hamtoki mpaka mupatane. Hati ya mwisho ikatiwa sahihi Aprili 2003. Ile Katiba ya Februari 2006 ina kipengele cha 14 kinachosema wazi juu ya wanawake kuwa sawa na wanaume katika kuongoza nchi, na ninaamini bila wale wa Sun City kisingekuwemo. Ila sheria ya uchaguzi ya mwaka huo huo wa 2006 ikasema orodha ya wagombea isiyo na wanawake wa kutosha haitakataliwa. Yaani mlango wanaufungua mbele, dirishani wanakutoa. Ni mwaka 2022 ndo wakaweka kwamba chama chenye nusu ya wanawake kwenye orodha hakitalipa ile pesa ya dhamana, afadhali kidogo.

Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, mwaka 2000 kule Arusha, Tanzania, kwenye mazungumzo yao, wanawake wa vyama vyote vilivyokuwa vinagombana walikaa pamoja mwezi wa saba, wakampa Mandela maombi yao kabla ya makubaliano kutiwa sahihi mwezi wa nane. Mengi yalipokelewa. Waliomba pia asilimia 30 ya nafasi za uongozi, hapo wakakataliwa, hawakulala, mwaka 2005 ikaingia kwenye katiba yao. Munaona tofauti, walikuja wakati bado kuna kitu cha kuandika.

Kuna mtu ataniambia mama, mbona sasa wanawake wako juu, Waziri Mkuu ni Judith Suminwa, na mwenye alitia sahihi upande wa Kongo kwenye makubaliano na Rwanda kule Washington tarehe 27 Juni 2025 ni mwanamke, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner. Nilifurahi kabisa, binti yangu alinionyesha video na tukairudia. Lakini waziri anashika kalamu ya serikali, na hiyo ndo kazi yake, hawezi kuwa yeye ndo anapita kwenye barieri ya Kalehe. Halafu angalieni Doha mwezi uliofuata, kati ya serikali na M23, wote wawili waliotia sahihi, huku na huku, wanaume. Nchi ambayo Oktoba 2010 ilipokea hapa hapa Bukavu wanawake kutoka pembe zote za dunia waliokuja kuandamana kwa ajili ya amani, nilikuwepo na mtoto mgongoni, barabara ilikuwa vikwembe tupu, nchi hiyo leo inakosa mwanamke wa kushika hata kalamu ya pili?

Na sisemi wanawake ni malaika. Nimesikia kwa masikio yangu wamama wakiimba nyimbo za chuki, wakiwaita vijana waoga mpaka wanaenda kuchukua silaha, na wengine wanapika kwa komanda kwa hiari na wanafaidika. Hao nao waitwe. Kama mama anaweza kumwambia mwanawe nenda, mazungumzo yanamhitaji yeye kuliko mimi, juu ndo mwenye anaweza kumwambia rudi.

Tunachoomba si kikubwa. Rasimu ije kwanza kwa Kiswahili, na lugha za huko mashinani, mwezi mmoja kabla si usiku mmoja. Mkutano usiwekwe siku ya soko, huyo mama akikosa soko watoto hawali. Mupange pesa ya pikipiki ya kumleta na kumrudisha kabla giza halijaingia, na mtu wa kushika mtoto. Wapishi wawe wapishi na washiriki wawe washiriki, na wapishi walipwe. Na kwenye karatasi yenyewe muandike njia ya soko, chemchemi, barieri, shamba la mjane, watoto waliozaliwa porini, kila kimoja kwa jina lake, na nani atakagua na siku gani. Wakaguzi nao wasitoke mbali, kila kilima kina avec, kina wamama wanaojua kushika kitabu na kuulizana kila wiki pesa imeenda wapi.

Kama kuna mmoja wa hao wapatanishi anasomaka gazeti lenu, muambieni sisi tuko pale kila Jumamosi saa nane za mchana, tutampa nafasi kwenye mkeka. Aje na karatasi ikiwa bado nyeupe.

Mimi mama wa sambaza,
Kadutu, Bukavu