Kwa mpwa wangu anayekwenda orpul mara ya kwanza

Mpwa wangu,

Huko mjini watakuambia orpul ni morani kwenda porini kula nyama. Nyama ipo, tena tele, lakini sisi Wamaasai tunakwenda kwa ajili ya supu, na supu hiyo ni dawa.

Kambi iwe karibu na maji, penye kivuli, mbali na boma, maana nyama ya morani haionwi na wanawake walioolewa. Ng'ombe achinjwe akiwa mzima. Aliyekufa ghafla, akatoka damu isiyoganda puani, msimpasue kabisa: hicho ni kimeta, na kinaua watu.

Dawa kuu ni olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga. Bandua gamba upande mmoja tu wa shina, vipande viwili vya upana wa kiganja, au chukua mzizi mmoja wa pembeni. Ukizungusha kisu shina zima, chakula cha majani hakishuki tena mizizini, na mti unakufa. Osokonoi, mti mwingine wa dawa, umeteswa hivyo sana kwa sababu gamba lake lina soko. Inaniuma, maana hata majani yake ni makali kama gamba, wangeweza kuchuma hayo.

Chemsha magamba peke yake hadi maji yawe mekundu ya kahawia, chuja, kisha mimina kwenye supu yenye mafuta. Hapo ndipo pana kazi. Zungusha upekecho, kijiti cha kukorogea supu, kati ya viganja bila kupumzika mpaka povu lipande na mafuta yasionekane yakielea juu. Ukichoka mapema, mafuta yatakaa juu na tumbo litayakataa.

Mti wa olmukutan ni habari nyingine. Ni dawa ya minyoo, inaharisha na kutapisha, na ikizidi ni sumu. Usijipimie, mzee anayeijua ndiye akupimie, na usiichanganye na dawa nyingine siku hiyo. Anayemeza vidonge vya TB au ARV asiiguse, kwani akitapika vidonge vinatoka navyo. Wala asiache vidonge kwa sababu yuko orpul.

Bebeni sukari na chumvi. Mtu akiharisha sana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko hichohicho cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Akilegea au akiacha kukojoa, mpelekeni zahanati usiku huohuo.

Morani akipandwa na mori akaanza kutetemeka, mshikeni mbali na moto, na mikuki iondolewe kwanza.

Mjomba wako